Mwisho Wake Naujua

Usijifanye hukuona.

Uliona. Ulikuwa umejilaza kwenye kochi, simu imekaa juu ya tumbo, kidole kinateremsha tu. Ukafika kwenye ujumbe wake, ukabandika kidole gumba, ukapita. Mwingine akabandika moyo mwekundu. Mwingine akaandika, "Nitakitafuta hicho kitabu."

Hukukitafuta.

Mimi nilikitafuta. Ndiyo maana nakuandikia kwa hasira, si kwa adabu.

Mwanamke aliomba msaada mbele ya watu wanaojiita wasomaji, kwa herufi safi kabisa, na hakuna aliyemsoma.

Kaa nikueleze.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya hospitali. Shuleni sikukaa sana, kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni. Kazini wananiita Mdomo, kwa sababu ile siku tuliyokataa kushika mashuka ya damu bila glavu, mimi ndiye niliyezima mashine. Nakumbuka nani alisimama nami siku ile. Nakumbuka pia nani aliinama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndala.

Sisahau. Nimeumbwa hivyo.

Sasa, kulikuwa na kundi la wasomaji kwenye simu. Kila Ijumaa swali ni moja: unasoma nini sasa? Unaandika jina la kitabu, umefikia wapi, mstari uliokugusa, na unampendekezea nani. Basi. Hakuna siasa, hakuna matangazo, hakuna habari za wagonjwa. Mwenyekiti wetu, mtu wa bima mwenye sauti ya kusinzia, alikuwa na msemo wake: "Hapa ni vitabu tu."

Nililipenda kundi lile. Kwetu nyumbani hakuna anayesoma. Mama yangu mdogo akiniona na kitabu huniuliza nani kafa.

Ila kundi lilikuwa na kaugonjwa kake. Tulikaita kusoma mgongo.

Kusoma mgongo ni hivi: umeona jalada la nyuma la kitabu, umesoma yale maneno ya kusifia, kisha unakuja kundini na, "Ah, kile? Nilikimaliza zamani." Kila mtu alijua mwenzake anasoma mgongo. Ulikuwa utani wetu. Bingwa alikuwa Daktari wa Meno. Ukimtajia kitabu ambacho mwandishi bado anakiwaza, yeye keshakirudia mara mbili.

Mmoja tu hakuwahi kusoma mgongo. Fundi Mapazia.

Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha puani. Enzi tulipokuwa bado tunakutana ana kwa ana, kwenye kachumba kalikokuwa juu ya duka la madaftari, ukimuuliza habari za kitabu asichokijua alikujibu, "Sijakisoma, mwenzangu. Nisimulie." Bila aibu. Kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Kila kitabu nilichomwazima alinirudishia na kipande cha kitambaa ndani, kiwe alama ya ukurasa. Upindo wake alikuwa ameushona kwa nyuzi mbili, nyeupe na ya kijani. Mapazia yake yote alishona hivyo. "Mtu akiniibia nijue," alisema, kisha akacheka na pua.

Akaolewa. Akahamia mtaa mwingine. Kwenye kachumba hatukumwona tena, lakini kila Ijumaa kundini aliandika.

Halafu Ijumaa moja akaandika hivi. Naunakili kama ulivyokuwa.

"Nasoma: Nyumba Isiyo na Kitasa kwa Ndani. Mwandishi hakujitaja. Niko mwanzoni. Mstari ulionigusa: 'Alijua mume amefika kwa jinsi funguo zilivyoacha kulia.' Nakipendekeza kwa yeyote anayeishi karibu."

Nikausoma mstari ule huku mashine ya kukamulia inatikisika mgongoni mwangu. Nikasema, hiki lazima nikipate.

Kundini ikawa sherehe.

"Kitabu kizito hicho," akaandika Daktari wa Meno. "Nilikisoma nikiwa chuoni."

"Mimi kilinitoa machozi," akaandika mwingine.

"Tafsiri yake tu ndiyo mbovu," akaandika wa tatu.

Kisha akaja mtu mmoja aliyejiita Msomi Mtulivu. Alikuwa amejiunga karibuni na hakuwa msemaji. Aliandika maneno matatu tu.

"Mwisho wake naujua."

Watu wakamcheka. Wakamwambia, kaka usituharibie, wengine hatujafika huko.

Mimi nikaenda kukitafuta. Nikaanza na wauza vitabu vya mitumba, wale wanaopanga bidhaa kwenye turubai pembeni mwa barabara. Wa kwanza hana. Wa pili hana. Wa tatu akanitazama.

"Dada, hicho kitabu kina nini? Mbona unakitafuta kama dawa?"

"Ulishawahi kukiona?"

Akakuna kidevu. "Nadhani. Kilikuwa na jalada jekundu."

Nikaenda maktaba. Mkutubi akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwa jina, akatafuta kwa neno moja moja. Hakuna. Akapiga simu kwa mwenzake wa maktaba kubwa. Hakuna. Akaniuliza mwandishi ni nani, nikamwambia hakujitaja. Akavua miwani.

"Mama, nina wasiwasi hiki kitabu hakipo."

Nikarudi kundini, nikauliza wazi: "Wapendwa, nani ana nakala? Nimezunguka kote, sijaipata."

Wakanipiga vijembe. Dada Dobi, ukikikosa wewe basi dunia nzima imekikosa? Dada Dobi, angalia kwenye mfuko wa mashuka. Daktari wa Meno akaandika kwa upole wake ule wa kukung'olea jino huku anakusimulia habari ya mvua: "Dada, ni toleo la zamani. Jalada jekundu. Si kila kitu kinapatikana kwenye turubai."

Jalada jekundu. Yule wa mitumba naye alisema jekundu.

Nikuambie kitu cha kutisha. Mimi mwenyewe nikaanza kukikumbuka. Niko naanika mashuka, naona mkono wangu umeshika kitabu chekundu, pembe zimeliwa na mende. Nikajipiga kofi la shavu. Koma, wewe. Hujawahi kukishika.

Ijumaa iliyofuata akaandika tena.

"Bado niko na kitabu kilekile. Niko katikati. Mstari: 'Majirani walisikia, wakaongeza sauti ya redio.' Nakipendekeza kwa mwenye miguu."

Kwa mwenye miguu. Ewe msomaji, kuna mtu anampendekezea kitabu mwenye miguu?

Mioyo ikamwagika. "Mstari mtamu sana huo." "Mwandishi anajua kuchoma." Na chini yake, Msomi Mtulivu: "Mwisho wake naujua."

Mimi nikasimama pale kwenye mvuke, jasho langu likapoa.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikapokelewa na mwanamume.

"Naomba kuongea na Fundi Mapazia."

"Anasoma," akasema. Sauti ya kawaida, hata ya kistaarabu. "Usimsumbue."

Akakata.

Nilitoka kazini na aproni yangu mpaka ofisini kwa Mwenyekiti. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka vitabu vya kubadilishana kwa waliohama, alikuwa na anwani ya kila mtu.

"Nipe anapokaa," nikamwambia. "Yule mwanamke amefungiwa ndani."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Kila Ijumaa anatuambia wote."

Akatabasamu. "Dada yangu, hicho ni kitabu."

"Wewe umekisoma?"

Akaangalia dirishani. Akanyoosha karatasi zake ambazo zilikuwa zimenyooka. "Nimekipitia."

"Mwenyekiti, hakipo. Maktaba mbili hazikijui."

"Tuseme hakipo. Nikupe anwani ya mke wa mtu, ukagonge mlango, ukute wanakula chakula chao, aibu ni ya nani? Mambo ya ndani ni ya wenyewe. Sisi ni kundi la—"

"La vitabu tu. Nimesikia."

"Na hiyo sauti yako ya mgomo," akasema, "iache huko kwenye mashuka yenu."

Sikuipata anwani. Nikauliza kwa washonaji wenzake wa zamani, wakanitajia mtaa, nyumba hawaijui. Nikazunguka mtaa ule baada ya kazi, nikiangalia madirisha, nikitafuta upindo wa nyuzi mbili. Kila pazia lilikuwa limefungwa. Watu walinitazama kama mwizi.

Ijumaa ya tatu akaandika ujumbe mfupi.

"Nimekaribia mwisho. Anayetaka nakala aje aichukue kwangu leo mchana, akiwa hayupo."

Akiwa hayupo. Sentensi imekosea makusudi. Nani hayupo? Kitabu?

Ilikuwa asubuhi. Nikaandika kundini kwa herufi kubwa: MWENYEKITI ANAJUA NYUMBA. AENDE SASA HIVI. Mwenyekiti akaufuta ujumbe wangu. Daktari wa Meno akaandika kwamba sura ya mwisho inaanza hivyohivyo, mwandishi anacheza na lugha. Wengine wakabandika vicheko.

Na Msomi Mtulivu: "Mwisho wake naujua."

Siku ile sikukaa. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, nikaenda bila ruhusa. Nikagonga nyumba moja baada ya nyingine kwenye mtaa ule mpaka jua likaegemea. Milango mingine ilifunguliwa, mingine redio ziliongezwa sauti. Kweli. Nilisikia kwa masikio yangu.

Nilirudi kazini kuokota kibarua changu kilichokuwa kinaponyoka. Msimamizi alifoka, nikamwacha afoke. Toroli la nguo chafu la wodi ya majeruhi likaingia. Nikavaa glavu, nikaanza kuchambua. Shuka. Shuka. Gauni la mgonjwa. Blanketi.

Pazia.

Pazia zito la rangi ya udongo, limelowa damu katikati. Watu humbeba majeruhi kwa chochote wanachokikuta. Nikaugeuza upindo.

Nyeupe na ya kijani.

Nilipanda ngazi mbio na glavu zangu. Wodini alikuwa kwenye kitanda cha pembeni, kichwa kimefungwa, mikono yote miwili kwenye plasta, macho wazi, yanatazama mlango. Kando yake shangazi yake, bibi mmoja mdogo aliyejikunyata kwenye benchi na khanga mdomoni.

"Shikamoo, shangazi. Imekuwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kaanguka." Akasema polepole, kama mtoto anayekariri. "Alipanda ngazi kutundika pazia."

"Shangazi. Mimi ni wa kundi la vitabu."

Pale akaitoa khanga mdomoni. Akatazama koridoni, akaninong'oneza.

"Simu yake mumewe alikuwa anaipekua kila jioni. Kafuta watu wote. Mimi mwenyewe, shangazi yake, kanifuta. Kundi lenu tu ndilo aliloliacha. Alisema vitabu havina mdomo, wacha aburudike."

"Yuko wapi huyo mume?"

Akaonyesha kwa kidevu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha koridoni, mguu juu ya mguu, shati limepigwa pasi. Mwanamume wa kawaida. Ungempa kiti kwenye harusi. Alikuwa anaandika kwenye simu, taratibu, anasoma alichoandika, anarekebisha. Kisha kidole gumba chake kikashuka.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni mwa aproni.

Nikaitoa. Ni kundi la wasomaji.

Msomi Mtulivu: "Wapendwa, Fundi Mapazia hatasoma kwa muda. Amepata ajali ndogo nyumbani. Mwombeeni."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, simu yake bado inang'aa kiganjani.

"Wewe ndiye Dobi," akasema. "Una maswali mengi."

Sasa rudi uisome ile sentensi. Mwisho wake naujua. Mwisho wa kitabu, tulidhani. Lugha yetu haitofautishi: mwisho wake kitabu, mwisho wake mtu. Alikuwa hajibu habari za kitabu. Alikuwa anamjibu mkewe, mbele yetu, kila Ijumaa, kwa namba ambayo mke hakuijua ni ya nani. Nasi tukacheka. Tukamwambia kaka, usituharibie.

Nikaenda polisi. Najua unavyodhani, na mimi nilidhani hivyohivyo. Lakini nilimkuta mpelelezi mmoja wa kike, mtu mzima, aliyenisikiliza mpaka mwisho na kuzisoma jumbe zote tatu mara mbili. Akaniambia nirudi yeye akishazungumza na watu wa kundi.

Niliporudi alikuwa amechoka usoni.

"Dada, mimi nakuamini," akasema. "Lakini jalada la kesi haliendi kwa imani yangu. Mgonjwa hasemi, daktari anasema ulimi wake bado haujarudi. Mume anasema mkewe alikuwa anasoma kitabu, akakipendekeza kwa wenzake kama kawaida yao. Nikawaza, ni rahisi hii. Kitabu kikiwa hakipo, basi maneno ni ya mwanamke mwenyewe, na mume hatoki hapa. Nikawapigia watu wa kundi lenu, mmoja mmoja."

"Wakasemaje?"

Akafunga jalada.

"Wote wamekisoma."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia.

"Nilimwambia kila mtu hili ni jambo la uhai," akasema. "Daktari mmoja wa meno alinisimulia hadi mwisho. Anasema mke anatoka salama. Mwenyekiti wenu anasema alikipitia. Nikamtaja mkutubi, mume akacheka, akasema maktaba ile haina hata viti. Niletee mmoja tu, dada. Mmoja wa waliosema wamekisoma, aje aseme hakukisoma. Mbele ya watu kumi wanaosema kipo, neno lako peke yako ni neno la mtu mwenye ugomvi na kundi."

Nikaenda kwa Daktari wa Meno. Nikaingia hadi ndani, mgonjwa amelala kwenye kiti mdomo wazi, pamba zimejaa mashavuni.

"Daktari, sema hujakisoma."

"Dada, niko kazini."

"Maneno mawili tu. Huyu mzee hawezi kutuingilia, umemjaza pamba."

Akaweka kioo chake kidogo kwenye sinia. "Nimekisifia mbele ya watu wote wale. Nimemwambia polisi. Leo niseme nilizuga? Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mwongo aliyeokoa mtu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hapa ndipo nywele ziliponisimama:

"Lakini nakikumbuka. Nakuapia. Kina jalada jekundu. Kuna mahali mke anahesabu nondo za dirisha. Mimi nakikumbuka, dada."

Nikamwangalia machoni. Hakuwa anadanganya. Kitabu kilikuwa kimeshaingia ndani yake, kimejenga nyumba humo, kimefunga mlango.

Yule mzee mwenye pamba mdomoni alikuwa ananitazama kwa huruma.

Nilipotoka nje nilikuta wameniondoa kundini. Mtu mmoja, ambaye hajiamini hata kuniambia yeye ni nani, alininakilia mjadala wa siku ile. Ulikuwa unahusu kama kitabu kile kinafaa kuchaguliwa kuwa kitabu cha mwezi. Wengi walikubali.

Nimeandika hapa hadharani kwa sababu najua mnapita hapa. Mko wengi kwenye kundi lile, na usiku mnakuja kusoma simulizi za bure za watu kama mimi. Hamjambo.

Na wewe usiyekuwemo kundini usikae ukavimba. Mara ya mwisho kusema "sijui" mbele ya watu ilikuwa lini? Mtu akitaja jambo, unatikisa kichwa. Unatikisa kwa adabu. Yule mume hakumfungia mkewe kwa kufuli peke yake, alimfungia kwa vichwa vyetu vinavyotikisika. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema "sijakisoma." Kwa kusema "nimekisoma," yuko mtu wodini anatazama mlango.

Nilimwona jana. Nilipeleka mashuka safi, nikainama kama natandika, nikamuuliza sikioni: kitabu ni chako, siyo? Machozi yalimtoka, yakaingia masikioni, hana mkono wa kuyafuta. Lakini chozi haliandikwi kwenye jalada.

Daktari wa wodi amesharuhusu. Shangazi amelia mpaka sauti imekwisha. Kesho asubuhi mume anakuja na gari kumchukua, na kumrudisha kwenye nyumba ile.

Basi wewe uliyeandika kilikutoa machozi. Wewe wa tafsiri mbovu. Mwenyekiti. Daktari. Sihitaji maombi yenu, wala moyo mwekundu chini ya simulizi hii. Yule mpelelezi wa kike yuko kituoni hadi asubuhi, na mlango wake hauna foleni.

Inuka. Vaa viatu. Nenda ukamwambie hukukisoma.